Petroli ya Alhamisi

Nilifika Moshi kwa treni, miguu imevimba. Kutoka Kigoma hadi Tabora nilisimama zaidi ya kukaa, na baada ya Tabora nilikalia sanduku langu karibu na mlango wa choo, kila apitaye akiniomba radhi mara ya kwanza na kunikanyaga mara ya pili. Ruvu nikabadilisha treni. Korogwe, Mombo, Same. Mkonge upande huu, mkonge upande ule, kisha milima ya Upare ikatusindikiza mchana kutwa. Kahe tulisimama muda mrefu bila kuambiwa sababu. Wanawake walituuzia ndizi na mahindi ya kuchemsha dirishani. Nikamuuliza mzee mmoja mlima wenyewe uko wapi, akaninyooshea kidole mawinguni.

"Uko pale. Umejifunika."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na hamu ya kuwa mahali pengine. Sasa nimevuka arobaini, na hamu hiyo haijaniisha. Ndugu yangu alikuwa amenitafutia kazi ya kupima miwa katika mashamba ya sukari kusini mwa mji. Nilikaa huko misimu kadhaa, kwenye kambi ya watu wa kila mkoa, nikajifunza kuendesha trekta, nikachoshwa na joto na mbu. Baadaye nikapata ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, na chumba cha kupanga Kibosho, juu mlimani kwenye baridi, ambako maji ya mfereji yalipita karibu na mlango wangu usiku na mchana.

Wenye nyumba walikuwa mwalimu mstaafu na mkewe. Watoto wao walikuwa wameoa, wameolewa, wametawanyika hadi Dar es Salaam na Mbeya. Siku niliyoleta sanduku langu, mama mwenye nyumba alikuwa akimenya ndizi uani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Unatoka wapi, baba?"

"Kigoma, Mama."

"Kule mwisho wa reli?"

"Ndiyo."

"Basi hapa ni mwisho wa barabara. Tutaelewana."

Tangu siku hiyo aliniita Mwisho wa Reli, na mimi nikawaita Baba na Mama.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Maji yalimjaa miguuni, yakapanda tumboni, na akilala chali alikosa pumzi. Kila Alhamisi alitakiwa afike hospitali kubwa mjini apigwe sindano ya kuyatoa. Akikosa Alhamisi moja, ifikapo Jumapili viatu havimwingii. Akikosa mbili, analala ameketi. Magari ya abiria yalikuwa machache, na mengi yalikuwa malori ambayo mtu hupanda kwa kuvutwa mikono. Hakuwa mtu wa kuvutwa mikono tena.

Lakini Baba alikuwa na kigari. Alikinunua kwa padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya, kigari cha kijani cha milango miwili, kidogo hivi kwamba watoto wa shule walikiita kobe. Hiyo ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, petroli ikitolewa kwa kibali, na Jumapili mchana gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani. Baba alipewa kibali kwa ajili ya mgonjwa. Mwanzoni petroli ya mwezi ilitosha Alhamisi zote na kubaki kidogo ya kwenda kanisani. Kisha ikaanza kuishia njiani. Alhamisi ya mwisho wa mwezi ikatupotea, halafu zikawa zinatupotea mbili.

Tuligawana usukani. "Mlima wangu, mji wako," Baba alisema. Alikiogopa kipilefti cha saa pale mjini, ule mzunguko wa magari wenye mnara wa saa katikati.

"Mlimani anayepanda hupishwa, basi, imekwisha. Pale kwenye saa sijui nani anampisha nani."

Kushuka kwake kulikuwa kama ibada. Nilitoa jiwe chini ya gurudumu, naye akaachia breki ya mkono. Tukifika kwenye mteremko wa kwanza alizima injini, akaweka gia huru, tukateremka kimya. Wenyeji waliita kuteremka fri, na miaka ile ya shida kila mwenye gari mlimani alikuwa akiteremka hivyo. Ungeweza kusikia majani ya migomba, maji ya mfereji, na Mama kiti cha mbele akihesabu rozari yake. Wapita njia walituona tukiwa tumeshawafikia, wakarukia kahawa za watu.

"Baba yako anaendesha kama mwizi," Mama aliniambia bila kugeuka.

"Mwizi gani anayeokoa?" Baba alijibu, mguu wake ukiwa juu ya breki. "Mpaka lami hatunywi hata kijiko."

Tulipokaribia lami kigari kilinuka kama nguo iliyopitiwa na pasi ya moto. Baba alisema hiyo ni harufu ya mlima. Aliwasha injini, akahamia nyuma kwa shida, mimi nikashika usukani.

Mjini kigari kilikuwa kizito. Nilikanyaga mafuta kikaenda, nikiondoa mguu kikasimama mapema, kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Lakini kabla yake nilikuwa nimeendesha trekta tu. Nilidhani magari yote yako hivyo.

Tulitafuta ugonjwa. Fundi mmoja nyuma ya soko alifungua plagi, akazikuta nyeusi, akazisugua kwa brashi ya waya. Akasafisha kabureta. Akaosha chujio la hewa. Akaangalia kama choki inarudi, nayo ilikuwa ikirudi. Tukajaza upepo matairi. Nyumbani tulitandika katoni chini ya tangi tuone kama linavuja, asubuhi katoni ikawa kavu. Baba akanunua mfuniko wenye kufuli, akidhani kuna mtu anayekuja na mpira wake kunyonya. Haikusaidia. Kila tulichorekebisha kilituletea matumaini ya wiki moja, kisha mshale ukashuka kama zamani.

"Mzee, mnaliendeshaje?" fundi aliuliza siku moja.

"Mlimani mimi situmii petroli. Muulize huyu wa mjini."

Wote wakanitazama miguu.

"Kijana," fundi akasema, "hiki si trekta."

Nikaanza kuendesha bila viatu, ili nyayo zangu zisikie pedeli vizuri. Alhamisi iliyofuata Mama aliviona viatu vyangu vimelala karibu na miguu yake.

"Mwisho wa Reli, umefiwa na viatu?"

"Nabana matumizi, Mama."

"Hata mimi vyangu leo vimenikataa." Akavivua, akavipanga karibu na vyangu. "Basi twende peku wote. Tutasema ni nadhiri."

Baba hakucheka. Kadiri Alhamisi zilivyopotea ndivyo alivyonitazama vibaya. Nilikuwa kijana, nilikuwa peke yangu na gari mjini wakati wao wakisubiri hospitalini, na mshale ulikuwa unashuka. Jioni moja tulipokuwa tunakula mtori wa ndizi aliweka kijiko chini.

"Leo ulipita wapi?"

"Nilikwenda dukani kwetu, Baba, nikarudi."

"Na yule msichana wa Kiborloni?"

"Msichana gani?"

"Petroli ya mama yako unaitembeza mjini."

Mama ndiye aliyejibu, akihema kati ya maneno.

"Mwache mtoto wa watu. Msichana gani atapanda kobe?"

Nilitaka kuhama wiki ile. Nilibaki kwa sababu ya Mama, na kwa sababu ya jambo dogo lililotokea Jumamosi yake. Mbuzi wa jirani alikuwa amekula maharage ya Mama, na yule jirani, mwanamke mkali, alikuja uani na jani la isale mkononi. Masale yamezunguka mipaka ya kila kihamba, shamba la ukoo, kule, nami nilikuwa nimeyadhani ni ua wa mpaka tu. Mama alinuna, akalitazama jani muda mrefu, kisha akalipokea. Nilimuuliza kwa nini, maana alikuwa ameapa kumpeleka mwenzake kwa balozi wa nyumba kumi.

"Ukiletewa isale, umesamehe. Halikataliwi."

"Hata kama bado una hasira?"

"Hasira utabaki nayo wewe. Yeye ameshakwenda nyumbani."

Masika yakaja. Mwezi ule petroli iliishia Alhamisi ya pili. Baba alizunguka na kibali chake, akarudi na kibali chake. Nilipanga foleni na dumu tangu alfajiri hadi pampu ikafungwa. Mama alihamia kwenye kiti cha mikono sebuleni, akawa analala pale, shuka begani, miguu juu ya kiroba cha mahindi. Tulipokosa Alhamisi ya pili mfululizo, Baba alikwenda parokiani kuomba, naye padre alitoa alichokuwa nacho. Asubuhi ya Alhamisi iliyofuata nilikuwa namimina petroli ile tangini kwa kopo la maziwa lililotobolewa. Baba akatokea mlangoni.

"Acha kumimina," alisema.

Nikajua.

Watu walianza kufika kabla ya adhuhuri. Wanawake waliwasha moto nyuma ya nyumba, wanaume wakaleta mabenchi ya kanisa na turubai, na kigari kilikuwa kimesimama mahali panapotakiwa turubai. Wakaniambia nikisogeze. Sikutaka kuwasha injini pale, nikasema tukisukume. Ua ulikuwa tambarare. Nikatoa jiwe, nikaweka gia huru, nikaachia breki ya mkono. Vijana wanne wakainama wakasukuma, kigari hakikutikisika.

"Umeacha gia?"

"Hapana."

"Breki ya mkono?"

"Iko chini."

"Basi kimegoma. Kinamlilia mwenyewe."

Wakacheka kwa sauti ya chini, kama watu wanavyocheka msibani. Wengine wakaongezeka. Kigari kikasogea kikilalamika, na walipopumzika tu kikasimama palepale. Shemeji mmoja wa Mama, aliyeendesha lori la kahawa, alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma.

"Breki zimeshika," alisema. "Na si za leo. Mnateremka fri?"

Nikasema ndiyo.

"Injini ikizimwa nani anazuia gari? Breki peke yake. Zinaungua, springi zinakufa, viatu vya breki havirudi tena. Gari linakwenda limejifunga lenyewe. Mjini linakunywa mpaka linamaliza."

Nikainua macho. Baba alikuwa mlangoni na koti lake jeusi, kofia mkononi, waombolezaji wamemzunguka. Sikuweza kujua kama amesikia. Alikuwa anatazama upande wetu, lakini siku ile alitazama kila upande hivyohivyo.

Tulimzika Mama kihambani, kati ya migomba yake.

Baada ya matanga yule shemeji alirudi na vyombo vyake, tukafungua magurudumu yote manne. Tulipomaliza nikakipeleka kigari mjini. Kilikwenda. Niliondoa mguu kwenye mafuta, kikaendelea kuteleza chenyewe, nikaipita njia ya hospitali bila kujua. Petroli ya mwezi ule ilibaki, na hatukuwa na Alhamisi ya kuipeleka.

Jioni Baba aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye kiti cha mikono.

"Lilikuwa na nini?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo njia nzima.

"Kabureta, Baba."

"Kabureta."

"Ndiyo."

"Basi si mguu wako."

"Huenda na mguu kidogo."

Hakuuliza tena, hata baadaye. Tulikaa pamoja miezi iliyofuata, wanaume wawili tukipika mtori usiokolea, tukizungumza mvua na bei ya kahawa. Kila aliponyamaza nilidhani anataka kuuliza, na kila niliponyamaza mimi huenda alidhani nataka kusema. Nyumba ikawa ndogo. Nikaandika barua za kutafuta kazi, nikapata Mwanza, na kusema kweli hata ningepata Lindi ningekwenda.

Asubuhi ya kuondoka nilitaka nitembee kwa miguu, sanduku langu lilikuwa jepesi. Baba alikwisha kulitia garini. Nikakaa kiti cha mbele, kile cha Mama. Tukafika kwenye mteremko wa kwanza, nikautazama mkono wake, nikingoja uende kwenye ufunguo.

Haukwenda. Aliingiza gia ya pili na kuiacha humo. Injini ilinguruma, ikalizuia gari, tukashuka polepole tukinywa petroli mlima mzima, na breki aliigusa mara chache tu, kwenye kona. Watu walitusikia toka mbali, wakatupisha mapema na kutuinulia mikono. Hakukuwa na harufu yoyote.

Kwenye lami nilifungua mlango ili tubadilishane.

"Kaa," alisema.

Akaingia mjini mwenyewe. Kwenye kipilefti cha saa alisimama, akawapisha wa kulia, akawapisha wa kushoto, akawapisha hata waliokuwa wanampisha, huku nyuma yetu wakipiga honi. Tulipofika stendi alishusha sanduku langu. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani la isale, bichi, limekunjwa kidogo pembeni. Akaninyooshea.

"Baba, hujanikosea kitu."

"Pokea."

Sikutaka. Nikilipokea nitakuwa nimekubali kwamba kuna kosa, na kosa lenyewe tulilijua wote wawili lilikuwa lipi, na halikuwa langu kulisamehe.

"Ilikuwa kabureta," nikasema.

"Umekaa kwetu muda wote huu," alisema, "hujajua kwamba halikataliwi?"

Utingo alikuwa anagonga ubavu wa basi. Nikapokea kwa mikono miwili. Baba akaniangalia, akavaa kofia yake.

"Haya. Safari njema, Mwisho wa Reli."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Basi lilipozunguka kutoka mjini nilikiona kigari kwa mara ya mwisho, kimesimama ukingoni mwa kipilefti, injini ikiwaka, kikingoja magari yote yaishe.