Moshi Mweupe Njia ya Nanyuki

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ukungu umelala juu ya Giakanja hapa kwetu hata zizi la jirani halionekani, na pikapu ya babu yako imesimama hapa uani ikitoa moshi mweupe kama chungu cha githeri. Uhuru ulikuwa bado mchanga miaka ile, na mimi nilikuwa mke mgeni katika boma hili, sijapata hata mtoto. Leo uliponiletea hiyo pikapu yako nzee inayotoa moshi kama ule, ukashika kiuno ukaniambia mimi nyanya yako, "Cucu, usijali, ni baridi tu," nilikuacha papo hapo. Sikukasirika. Au tuseme nilikasirika, nikaingia jikoni kuchemsha chai nisije nikakutukana bure. Sasa kunywa chai yako unisikilize, maana maneno hayo mimi niliwahi kuyasema, na mpaka leo yananichoma.

Babu yako Wachira aliinunua pikapu ile kwa mzungu aliyekuwa akiuza shamba arudi kwao. Alikuwa akipeleka kabeji zetu soko la Nyeri, na za majirani pia. Aliipenda, wee! Asubuhi aliisalimu gari kwanza, mimi baadaye.

Na baridi ya huku unaijua. Mwezi wa saba kila gari hutoa moshi mweupe asubuhi. Hata ng'ombe hupumua moshi, hata sisi wenyewe. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Hapo ndipo sisi watu wa mlimani tunapokosea. Baridi yetu tumeizoea mpaka tunaisingizia kila kitu. Mtoto akikohoa, ni baridi. Goti likiuma, ni baridi. Mtu wa Mombasa angeuona moshi ule angeuliza maswali.

Moshi wa baridi, mwanangu, hupotea injini ikishapata joto. Ule wetu haukupotea. Tena kila asubuhi Wachira alijaza maji kwenye rejeta, na kesho yake yamepungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Akaniambia akicheka, "Gari ni kama ng'ombe, lazima inywe." Nikacheka naye, kwa sababu alikuwa mume wangu na nilimpenda. Kwamba maji hayo yanakwenda wapi, hakuna aliyejiuliza. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu yenyewe lazima mtu ainue kichwa ayaone.

Basi asubuhi ile ya ukungu alifika mtu kutoka Nanyuki na habari. Mama mkwe wangu, Wangari, alikuwa na ndugu mmoja tu, Kariuki, mchungaji wa ng'ombe kwenye ranchi ya huko. Walikuwa wamegombana baba yao alipokufa, juu ya mpaka wa shamba, na tangu hapo hawakusalimiana. Sasa Kariuki yuko kitandani, hospitali wamemrudisha nyumbani, naye anasema, "Nileteeni dada yangu. Niko na neno nataka kumwambia." Kwetu mtu haendi na ugomvi udongoni, kwa maana aliyebaki hai ndiye ataubeba. Mama mkwe alivaa leso yake nzuri, akaweka ndizi mbivu na kibuyu cha uji kwenye kiondo, akapanda gari kabla hata hatujamwambia twende.

Tulikaa watatu mbele, yeye katikati. Tulipofika Kiganjo ukungu ulikuwa umeondoka na jua linawaka. Mama mkwe akageuka akatazama kioo cha nyuma.

"Wachira," akasema, "hiyo moshi bado? Si jua limetoka?"

Wachira akakaza mikono kwenye usukani. Ndipo mama mkwe akanigeukia mimi. Pale stendi basi la Nanyuki lilikuwa limesimama, utingo akiita watu.

"Na wewe, msichana wangu, unaonaje? Hii gari itatufikisha, ama nipande ile basi?"

Mwanangu, mimi nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimesikia harufu kama ya sufuria iliyosahauliwa motoni maji yakakauka. Nilikuwa nimemwona mume wangu akitupia jicho mshale wa joto kila mara. Lakini niliona haya kumwaibisha mbele ya mama yake, na nilitaka yule mama anipende, nikasema, "Ni baridi tu, Mama. Tutafika."

Akaniamini. Aliegemea kiti, akaacha kuuliza.

Mbele ya Kiganjo njia inapanda mpaka Naro Moru, na gari likaanza kukohoa. Mvuke ukatoka chini ya boneti kama wa chungu kinachofurika, na injini ikazimika. Wachira alipandwa na hofu. Akakimbia mtoni na debe, akarudi mbio, akayamimina yale maji baridi ndani ya chuma kinachochemka. Tulisikia kitu kikilia ta! Haraka haraka haina baraka, mimi nakuambia. Hata kama kulikuwa na njia ya kujikongoja mpaka Naro Moru, iliishia hapo.

Tukakaa kando ya barabara. Magari yalikuwa machache siku zile. Basi lile la Kiganjo lilikuwa limetupita zamani, tukiwa bado tunapanda, tena nililiona likipita, nikainamisha kichwa. Mama mkwe alikaa juu ya jiwe na kiondo chake mapajani, akitazama upande wa Nanyuki, wala hakumlaumu mtu. Alasiri ndipo lori la mbao lilitubeba.

Tulipokaribia nyumba ya Kariuki tuliona wanaume wameketi nje, kofia zimevuliwa. Nikajua. Mke wake akatoka, akamshika wifi yake mikono yote miwili. "Amekuuliza tangu asubuhi," akasema. "Kila gari ikipita alikuwa anasema, huyo ni yeye. Ameondoka sasa hivi tu."

"Alikuwa anataka kuniambia nini?"

"Hakutuambia. Alisema hilo neno ni lako peke yako."

Mama mkwe akaweka kiondo chini. Sikuthubutu kumsogelea.

Baada ya mazishi tulirudi Giakanja, na siku moja tukiwa tunachuma kahawa sisi wawili, alisimama akaniangalia. Hakupaza sauti. Afadhali angenigombeza.

"Wachira nimemsamehe," akasema. "Mtu akipenda kitu chake anakuwa kipofu, na yeye alikuwa anaogopa. Lakini wewe nilikuuliza swali, ukanipa maneno ya kunituliza. Sikuomba kutulizwa."

Nililia kati ya miti ya kahawa mpaka nikashindwa kuona matunda. Yeye aliendelea kuchuma. Akaishi nami miaka mingi, akanipenda kama binti yake, akampokea baba yako mikononi siku alipozaliwa. Lakini mara nyingine tukiwa jikoni alikuwa akisema, kama anajisemea, "Sijui alitaka kuniambia nini." Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Aliingia kaburini bila neno lile.

Pikapu tuliivuta mpaka gereji ya Nyeri. Fundi akaifungua, akatuonyesha gasketi iliyo kati ya injini na kichwa chake, imeungua upande mmoja. Maji ya rejeta yalikuwa yakipenya pale, yanaingia kwenye moto, yanatoka nyuma yakiwa moshi. Na kichwa chenyewe kilikuwa na ufa, kwa sababu ya lile debe la maji baridi. Akachovya kijiti kwenye oili, ikatoka rangi ya chai ya maziwa, maana maji yalikuwa yamechanganyika nayo. Yote hayo tungeyaona hapa uani, kama tungekubali kutazama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulificha ya gari, aliyelipa akawa mama mkwe.

Kwa hivyo weka kikombe chini. Nenda uwashe hiyo gari, uiache mpaka ipate joto sawasawa. Moshi ukiisha, ilikuwa baridi, na mimi nitakuomba msamaha. Usipoisha, zima, usiende nayo popote. Ngoja ipoe kabisa ndio ufungue rejeta uone kama maji yamepungua. Chomoa kijiti cha oili utazame rangi. Unuse moshi pia: sisi tulitia maji matupu ya mto, lakini siku hizi mnatia ile dawa ya rangi ya kupoza injini, na ikiungua huwa na harufu tamutamu. Ukiona hayo, mwite fundi. Na usimwagie injini ya moto maji baridi, hata kama mbingu zinaanguka.

Hayo ni ya gari. Lako wewe ni hili: mtu wako akikuuliza jambo kwa sababu safari yake inategemea jibu lako, usimpe jibu la kumfurahisha. Mimi nilihitaji neno moja tu pale Kiganjo. "Sijui, Mama. Panda basi." Angefika mchana, angemkuta ndugu yake anazungumza.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akubariki, Muriuki wangu. Akupe mkono mwepesi wa kufungua boneti, na moyo wa kusema sijui bila haya. Na yeyote anayekungoja mahali, mwanangu, umkute.