Senti Kumi ya Kufungulia Cherehani

Mama alikata shauri kwamba nitakuwa fundi wa nguo, na mama akishakata shauri, basi. Aliuza ng'ombe wake wa pekee, mtamba, akanilipia mwaka mzima wa darasa la ushonaji kule kwetu Werugha milimani, kwenye ukumbi wa kanisa. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Msichana asiyeenda sekondari alishona, au aliolewa, au vyote viwili.

Shida ni kwamba nilichukia kushona. Tundu la kifungo! Nani aliyetunga adhabu ile? Pindo zangu zilipanda na kushuka kama barabara ya Wundanyi, na mwalimu wetu, mama mmoja mkali mwenye miwani, alizifumua mbele ya watu.

Nilichopenda ni cherehani yenyewe. Siku moja ilipokwama, aliitwa fundi kutoka Voi, mzee wa koti refu aliyelalamikia baridi yetu tangu mlangoni. Aliifungua, akapanga vyuma vyake kimoja kimoja juu ya gazeti, akavirudisha, ikaimba. Nilisahau hata kumeza mate. Kazi ndiyo hii, nikajiambia.

Lakini cherehani za kanisa zilikuwa nzima mno. Basi nikazisaidia. Nilikuwa na senti kumi ambayo ukingo wake ulienea barabara kwenye mfereji wa skrubu. Wenzangu wakienda kunywa chai, nalegeza moja hapa, nachomoa springi pale, kisha najitia hamnazo. Mwalimu aliapa kwamba ukungu wa Werugha unakula vyuma. Mzee akawa anapanda kila mara, nami ndiye niliyejitolea kumshikia chupa ya mafuta. Nilimuuliza maswali mpaka akaniita askari wa upelelezi.

Siku moja kabla ya mtihani nikafanya ya mwisho, tena kwenye cherehani niliyopangiwa mimi. Nilitaka kumwona kazini mara moja tu zaidi. Mzee akaja, akainamia skrubu, akaitazama sana. Kisha akafunga mkoba wake.

"Leo sitengenezi," akasema. "Aliyeifungua anajua kuifunga."

Mwalimu akatukodolea macho mmoja mmoja. Haki ya Mungu, niliogopa. Nikinyamaza, kesho sina cherehani, nimefeli. Nikisimama, nafukuzwa. Kote kote mtamba wa mama amekwenda bure.

Nikasimama. "Labda nijaribu, mwalimu," nikasema kwa sauti ya malaika, na kwa mazoea tu nikaitoa ile senti kumi kifuani.

Lo! Wenzangu walipiga kelele. Mzee alicheka hadi akakohoa, akanipa bisibisi. "Weka hiyo senti! Mwaka mzima inanikwaruzia skrubu."

Nikatengeneza. Nikarudisha springi, nikakaza skrubu. Mwalimu akakaa, akakanyaga, akashona mstari mrefu ulionyooka. Akautazama mstari, akanitazama mimi.

"Kusanya vitu vyako."

Nikalia. Nikamtaja mtamba. Nikamtaja tena.

"Mchukue, mzee," akasema mwalimu. "Akibaki hapa sitabaki na cherehani hata moja."

Hivyo ndivyo nilivyoshuka Voi kujifunza waziwazi kazi niliyokuwa nikiiiba. Mama hakujibu barua wala salamu zangu kwa miezi mitatu, na iliniuma. Kisha mchana mmoja, na joto lote lile, nikamwona anaingia kwenye kibanda chetu cha kazi amebeba kichwani kitu kilichofungwa kwa leso. Nikajua amekuja kunirudisha nyumbani. Akakitua mezani, akafungua fundo. Ilikuwa cherehani ya jirani yake.

"Imekwama, na safari hii si wewe," akasema, bila hata kunisalimu. Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. "Haya, nionyeshe mtamba wangu alikokwenda."