Ingobyi ya Zubeda

Ukiwa na suruali inayokubana kiunoni, mpelekee Twahiru, fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo. Ukitaka maongezi, tafuta fundi mwingine. Tangu mkewe Zubeda afariki, maneno yamemkauka. Hubana pini midomoni hata pale ambapo hakuna cha kubana, na wateja wenye akili wameshaelewa kwamba ndiyo njia yake ya kukwepa salamu ndefu.

Nyumbani wamebaki wawili, yeye na bintiye Umulisa, ambaye bado yuko shule ya msingi. Wanakula sahani moja, kimya. Kwenye msumari juu ya kitanda ilining'inia ingobyi, kile kitambaa ambacho mama hufungia mtoto mgongoni. Zubeda aliishona kwa mkono alipokuwa na mimba ya Umulisa, akakataa katakata isiguswe na cherehani ya mumewe, na mishono ikatoka imepinda huku na huku. Twahiru alimcheka mpaka siku ya kujifungua. Sasa, mtoto akiwa shuleni, alikuwa anaishusha na kuzamisha uso humo akitafuta harufu ya mkewe. Aliipata. Ilikuwa ndogo mno, lakini aliipata. Umulisa alikatazwa kuigusa.

Ikaja kazi ya nguo za harusi, akawa anarudi nyumbani hoi, anajitupa kitandani bila kutazama juu. Kazi ilipokwisha ndipo akauona msumari uko mtupu.

"Ingobyi iko wapi?"

"Nilimpa mama Mukunde," Umulisa akajibu. Huyo Mukunde ni mwanamke ambaye mvua ilimbomolea nyumba huko bondeni, naye na kichanga chake wakapewa chumba cha uani na jirani. "Alikuwa anambeba mtoto na taulo, baba. Kila mara inafunguka."

"Nani alikupa ruhusa?"

Twahiru hakufoka wala hakusubiri jibu. Alivaa viatu akaenda msikitini, na baada ya sala ya Alasiri akamweleza Sheikh Nasiri yote.

"Mtoto hajabaleghe," sheikh akasema. "Hawezi kutoa mali ya nyumba, hata kama nia yake ni safi. Kitu bado ni chako, ukitaka kifuate. Ila ukiridhia wewe mwenyewe, ukamwambia yule mama chukua, basi sadaka imepita. Usirudi tena kuidai."

Twahiru alishukuru. Katika maneno yote hayo alikuwa amesikia lile la kukifuata tu.

Akateremka kwenda kwa Mukunde, njia nzima akipanga la kusema. Hakulihitaji. Mukunde alimwona mlangoni akaelewa papo hapo.

"Mbabarira, papa Umulisa, unisamehe," alisema. "Nilimwuliza kama nyumbani wanajua. Akaniambia ni yake, ni yeye alibebwa ndani." Akafungua ingobyi, akamlaza mtoto mkekani, akaikunja vizuri na kumkabidhi kwa mikono miwili. "Nimeifua na sabuni. Iko safi."

Twahiru akaiinua mpaka puani, mbele ya mtu baki, bila haya. Sabuni. Akaigeuza, akanusa upande wa pili. Sabuni tupu. Mle ndani hamkuwa na Zubeda tena, na mkekani mtoto alikuwa ameanza kulia.

"Mtoto wangu hana uwezo wa kutoa," alisema. "Basi natoa mimi. Chukua."

Mukunde alimwombea heri mpaka machozi yakamtoka. Mpaka leo majirani wanasema Twahiru ana moyo wa kipekee. Tusimpambe bure. Alinusa kwanza.

Aliporudi nyumbani, Umulisa alikuwa amesimama mlangoni, akamtazama baba yake mikononi kabla ya usoni.

"Iko wapi?"

"Nimemwachia. Sasa ni yake kabisa. Umefanya vizuri, mwanangu."

Alidhani atafurahi. Mtoto akakaa chini pale pale kizingitini.

"Nilijua utaifuata," alisema. "Nilimwonea huruma, nikampa. Halafu nikaitaka. Nikasema, baba akiona msumari ataileta. Na wewe ulikuwa huoni."

"Uliitakia nini? Nilikukataza hata kuigusa."

"Ukiwa kazini nilikuwa naishusha. Nafuata mishono ya mama na kidole."

"Na harufu yake?"

"Harufu gani?"

Ulimi ulimwasha kumwambia kwamba kesho ataenda kuichukua. Ndipo maneno ya mwisho ya sheikh yakamrudia, neno kwa neno, na hapakuwa na mlango wa kutokea. Alikuwa ametoa kitu kilichokwisha kuwa kitambaa tu kwake, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe aliyebebwa ndani yake.

Akaenda kukaa karibu naye. "Ilikuwaje hiyo mishono?"

Umulisa akachukua kiganja cha baba yake, akakifungua juu ya goti, akachora kwa kidole. Hapa ilikwenda sawa. Hapa ikapanda. Hapa mama alikosea, akarudi nyuma, akaanza tena. Alichora polepole mpaka mwisho wa kiganja, hakusahau pahali.

Twahiru, fundi, aliyeicheka mishono ile miezi mizima, hakuukumbuka hata mmoja.