Kiuno cha Bibi Harusi

Mara ya kwanza Mama Tepu alidhani tepu ndiyo mbovu. Tepu za kupimia hufanya hivyo: zikivutwa miaka mingi hurefuka, zikaanza kudanganya. Lakini tepu iliyorefuka husoma pungufu, na hii ilikuwa imesoma zaidi. Akaitandaza juu ya rula ya chuma, akaifuata kwa ukucha, alama baada ya alama. Ilikuwa sawasawa. Akarudi kwenye daftari lake. Kiuno, wiki sita zilizopita: sitini na nane. Leo: sabini na tatu. Mabega yaleyale, mikono ileile, shingo ileile. Kiuno peke yake ndicho kilichokuwa na habari.

Akafunga daftari polepole. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akacheka peke yake.

Alikuwa mjane na fundi wa nguo za wanawake. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani mbili, moja yake na moja ya binti yake, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na pazia la kubadilishia nguo. Jina la Mama Tepu alipewa kwa kuwa tepu haikumtoka shingoni. Jumapili moja alikwenda nayo hadi kwenye meza ya Bwana, na mchungaji, mtu mpole asiyeona mbali, akadhani ni skafu. Majoho yote ya kwaya yalikuwa kazi ya mikono yake. Akiwa kwenye benchi la tatu, aliweza kutazama migongo ya waimbaji akajua nani amenenepa na nani ana mawazo.

Na kiuno hiki kilikuwa cha binti wa shemeji yake, ambaye alikuwa akimshonea gauni la arusi.

Shemeji mwenyewe, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa mzee wa kanisa na msomaji wa matangazo. Alikuwa na sauti ya kuijaza nyumba ya Mungu bila kipaza sauti, na aliijua, na aliipenda. Miaka mitatu nyuma, binti wa Mama Tepu akiwa amebakiza wiki tatu aolewe, sauti hiyo ilisoma tangazo. Binti alikuwa na mimba. Ndoa haikufungwa madhabahuni. Haikufungwa popote, maana wiki hiyohiyo wakwe watarajiwa walituma ujumbe kwamba wamebadili nia. Binti akakalishwa benchi la nyuma miezi sita, tumbo likikua mbele ya macho ya watu, na hata adhabu ilipokwisha na mtoto kuzaliwa, hakuhama benchi lile.

Siku ya tangazo, watu wakitoka ibadani, shemeji alimpa Mama Tepu mkono mlangoni.

"Shemeji, usinichukie. Utaratibu ni utaratibu. Hata angekuwa wangu."

Watu waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mtu wa haki huyu, walisema, hakumwonea haya hata mtoto wa kaka yake.

Hata angekuwa wangu. Maneno hayo Mama Tepu aliamka nayo na kulala nayo. Aliyasikia katika mlio wa cherehani. Na sasa, magoti yake yakiwa sakafuni kando ya kitanda, alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali: "Bwana, asante kwa sentimita tano."

Hakumwambia mtu, wala binti yake. Alikata gauni kwa kiuno cha sitini na nane, na ndani ya mshono hakuacha kitambaa cha akiba, hata upana wa kidole. Fundi yeyote anayejua kazi huacha cha kutosha, kwa sababu mwili wa bibi harusi hautabiriki. Yeye hakuacha. Siku ya arusi, wanawake wote wa kanisa wakiwa chumbani na vigelegele mdomoni, zipu ingefika katikati ya mgongo na kugoma. Asingehitaji kusema neno. Kila alipoombwa gauni lijaribiwe alijibu kwamba bado vifungo, bado lesi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya arusi, mchana, shemeji alikuja mwenyewe, bila hodi ya maana, binti yake nyuma yake.

"Shemeji! Unatuficha gauni kama siri ya serikali. Leo hatutoki mpaka tulione. Na ule mkia uwe mita tatu kama nilivyoagiza, watu waelewe kuna arusi."

"Karibu, baba mdogo," alisema binti wa Mama Tepu, bila kunyanyuka kwenye cherehani yake.

"Ahsante, mwanangu. Hujambo?" Aliuliza akitazama kioo.

Bibi harusi aliingia nyuma ya pazia na Mama Tepu, mama yake mkubwa. Zipu ilipanda vizuri, ikafika kiunoni, ikasimama. Msichana akavuta pumzi. Ikapanda jino moja, ikasimama tena.

"Mama mkubwa, umepunguza?"

"Sijapunguza. Nimeshona kama ulivyokuwa."

Msichana akajitazama kwenye kioo cha mkononi, kisha akamtazama fundi, akaona kwamba fundi anajua, na kwamba amejua siku nyingi. Machozi yakamdondoka bila sauti.

"Usimwambie baba. Nakuomba. Atanisoma kanisani."

"Hawezi. Wewe ni mtoto wake."

"Ndiyo sababu atanisoma, mama mkubwa. Atanisoma kwa sauti kuliko wote."

Msichana alisema kweli. Mama Tepu aliona kama vile limeshatokea: shemeji amesimama mbele na karatasi, sauti inatetemeka vizuri, na kanisa zima linalia kwa kumhurumia. Mtu wa haki. Hakumwonea haya hata mtoto wake wa kumzaa. Miaka mitatu alikuwa ameusubiri ushindi, na ushindi huo ungemvika yeye taji. Angebaki msichana tu, benchi la nyuma, na tumbo.

"Mbona kimya huko?" shemeji akauliza, na kama kawaida ya watu waliozoea kufunguliwa milango, akavuta pazia mwenyewe.

Aliuona mgongo ulio wazi. Aliyaona machozi. Hakuwa mjinga.

"Ni nini hii?" alisema. Akajinyoosha, akakohoa kikohozi chake cha matangazo. "Basi hili lazima lifike kwenye baraza la wazee. Leo hii."

"Nenda," alisema Mama Tepu. "Ila nikusaidie, usije ukasahau maneno." Akasimama wima, tepu shingoni, akaanza kwa sauti ileile ya kanisani: "Baraza la wazee limepokea kwa huzuni nyingi habari za binti yetu, mtoto wa mzee wetu, aliyeuchafua mwili wake kabla ya ndoa."

"Shemeji."

"Hatavaa shela. Kwaya haitamwimbia. Hatapita mlango mkubwa, atapita wa ofisini."

"Shemeji, basi."

"Mimi nilikwambia basi? Nilikaa benchi la tatu nikasikia mpaka mwisho. Na wewe utasikia mpaka mwisho. Atakaa nyuma miezi sita, na washirika wasimkaribishe mezani, ili wengine waogope."

Alimaliza yote, hakuruka nukta. Shemeji alikuwa akimtazama binti yake, ambaye alijikumbatia tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia lisisikie.

"Watakwambia u mtu wa haki," alisema Mama Tepu. "Nenda, ofisi haijafungwa."

Hakwenda. Alisimama palepale, akawa mfupi kuliko alivyoingia.

"Linaweza kutanuliwa?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ambayo kanisa halikuwahi kuisikia.

Bibi harusi akarudisha pazia, akalivua gauni. Binti wa Mama Tepu ndiye aliyesimama, akalipindua, akatazama mshono, kisha akamtazama mama yake usoni.

"Mama, hukuacha kitambaa."

"Sikuacha."

Binti akamtazama zaidi kidogo, naye mama akainamisha macho kwanza. Kisha binti akachukua mkasi, akakata mkia wa mita tatu ukabaki moja, akapata vipande viwili vya ubavuni. Akaketi.

Shemeji akasogea karibu naye. "Mwanangu," alisema, "siku ile mimi..."

"Shika hapa, baba mdogo. Satini inateleza."

Akashika. Binti hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alikanyaga cherehani, na sindano ikapanda na kushuka karibu na vidole vya mzee, ambaye alisimama ameinama, hathubutu kuviondoa. Mshono ulikuwa mrefu. Mgongo ulianza kumuuma, ikaonekana, akatafuta kwa macho mahali pa kukaa.

Kiti kitupu kilikuwepo kimoja, kando yake kabisa. Mama Tepu akakivuta, akakikalia mwenyewe.