Nati ya Nne

Mwezi uliopita gari la mkwe wangu lilichemka katika foleni ya malori ya mpakani Kasumbalesa, na kijana mmoja fundi akaja kufungua boneti. Ikapanda harufu ya maji ya kutu yaliyomwagikia chuma cha moto, nami, mwanamke wa miaka sabini na kidogo, nikajikuta nimeshikilia mlango wa gari kwa mikono miwili. Yule fundi alipapasa mfukoni, akatoa spana fupi iliyokatwa mpini na kupindwa shingo, akaingiza mkono mahali ambapo hata panya angesita. Mkwe wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni jua. Ninyi nitawaambia ukweli.

Sisi kwetu spana tunaiita kle. Baba yangu, Kabeya, ambaye nilimwita papa, alikuwa makanika kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na rafiki yake Mulenga alikuwa mwenzake wa kazi. Walitengeneza magari nyuma ya nyumba yetu, chini ya mabati manne yaliyoshikiliwa na mawe. Papa alizaliwa Kasai, Mulenga alikuwa mtu wa huku huku, upande wa Sakania. Jambo hilo nilikuwa nikilijua kama nilivyojua kwamba mmoja anapenda pilipili na mwingine hapendi.

Mafundi wengine walijivunia vyombo vikubwa. Hawa wawili walipenda vidogo, vya mahali pa kubana, maana ndiko pesa ilikojificha, kama alivyosema papa. Walikuwa na bisibisi nene kama kidole gumba na fupi kama hicho hicho. Walikuwa na kioo cha poda cha mama, kilichofungwa kwenye waya ili kuchungulia nyuma ya injini, na mama alikidai kila Jumapili kabla ya misa. Walikuwa na sumaku kwenye kamba ya kuvulia nati zilizoanguka. Lakini mfalme wa vyote alikuwa Kafupi.

Kafupi ilikuwa kle ya namba kumi na tatu. Waliikata wenyewe, wakaichoma kwenye makaa hadi ikawa nyekundu, wakaipinda shingo, mmoja akishika kwa koleo na mwenzake akipiga, wakipokezana Jumapili nzima. Kisha wakaisugua kwa tupa mpaka ikawa nyembamba kama biskuti. Makanika wa mitaa mingine walikuja kuiazima na papa akawajibu kwamba angeazima meno yake kwanza. Alipomaliza kazi aliiosha kwa petroli, akaipaka grisi, akaifunga katika kitambaa chake. Mimi nilinunuliwa viatu mara moja kwa mwaka. Kafupi ilibadilishiwa nguo kila mwezi.

Ndipo Katanga, jimbo letu, ikajitenga na Kongo, na watu wa Kasai tukawa wageni katika nyumba zetu wenyewe. Vijana waliweka vizuizi barabarani. Nyumba mbili za mtaa wetu zilichomwa. Papa akaacha kwenda mjini, na mama akaacha kunituma sokoni.

Mpango ulikuwa wa Mulenga. Walikuwa na kamioneti moja mbovu, gari dogo la mizigo, waliyoinunua pamoja. Wangeitengeneza, naye Mulenga angeendesha, kwa kuwa vizuizini lugha yake ingempitisha. Sisi tungelala nyuma chini ya magunia ya makaa hadi Sakania, kisha ng'ambo ya mpaka, alikokuwa mjomba wangu. Kama tungekamatwa, yeye angepigwa pamoja nasi, na alilijua hilo. Kilichobaki kilikuwa pampu ya maji, yenye nati nne. Tatu zilifungwa mchana wa Jumatano. Ya nne ilikaa nyuma kabisa, kati ya pampu na chuma cha injini, na hapakuwa na kitu duniani cha kuifikia isipokuwa Kafupi.

Walipokaa kula, nilimsikia papa akimwambia mama, "Kafupi ikimaliza hii moja, tunaenda. Kesho asubui."

Jumapili iliyofuata ilikuwa komunio yangu ya kwanza. Gauni langu jeupe lilikuwa limening'inia ukutani, mikono yake imevimba kama maandazi, na nilikuwa nimekwisha kulijaribu mara sita. Naomba mnielewe, ingawa mimi mwenyewe bado sijielewi: nilikuwa na miaka minane, na moto wa nyumba za wenzetu ulinitisha kidogo kuliko kulikosa gauni lile. Nilitoka nje, nikaichukua Kafupi juu ya bampa, nikaenda chooni, nikaiangusha shimoni. Haikutoa hata sauti ya maana. Niliporudi Mulenga alikuwa amesimama mlangoni akinawa mikono. Alinitazama kwa sababu nilikuwa nimekwenda chooni bila kopo la maji. Akaendelea kunawa.

Waliitafuta mpaka jua likashuka. Walilala chini ya gari, wakachunguza kila pembe kwa kioo cha mama, wakavuta sumaku mchangani kama watu wanaovua samaki nchi kavu.

"Yaya, nipe siku moja tu," Mulenga alisema mwishowe; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Nitafanya ingine."

Papa alikuwa amekaa juu ya gurudumu. "Hapa tulikuwa babili. Miye na weye," alisema. "Kle haina miguu."

"Unasema nini, yaya?"

"Banasema bantu ba huku bote muko namna moja. Miye nilikuwa nakataa."

Mama akaingilia. "Uliza batoto kwanza!"

Papa akanigeukia. "Weye uliona Kafupi?"

"Hapana, papa," nilisema.

Mulenga alinitazama tena. Aliutazama mkono wangu, uliokuwa na grisi nyeusi kati ya vidole, nami nikauficha mgongoni. Nilingoja aseme. Akapangusa uso kwa kiwiko, akamwambia papa, "Kama unapenda ikuwe miye, ikuwe miye."

Akachukua shati lake, akaondoka.

Ijumaa wale vijana wa vizuizi walikuja kuvunja milango ya mtaa wetu. Tulikimbia kwa miguu, tukiwa na sufuria mbili na godoro, hadi kambi ya wakimbizi nje ya mji, kule walikolinda askari wa kofia za bluu, wa Umoja wa Mataifa. Gauni lilibaki ukutani. Kambini tulilala chini ya turubai, wanane mahali pa wawili, na mvua ilituamkia kila siku. Mdogo wangu wa kiume alishikwa na surua, akafa kabla hajajifunza kutembea.

Baada ya majuma kama matatu Mulenga alikuja. Alisimama kwenye uzio wa waya mchana, jicho moja limevimba; kumfikia mtu wa Kasai kulikuwa na bei yake. Akatoa ndani ya shati kle fupi iliyopindwa shingo, mpya, ingali na alama za tupa.

"Yaya Kabeya, gari iko palepale. Tufunge ile nati."

Papa aliitazama, kisha akampa mgongo. Mulenga akaipenyeza chini ya waya, akangoja kidogo, akaenda zake. Niliiokota mimi. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "Ni miye," na sikuyasema.

Treni ilitupeleka Kasai, ambako papa hakuwa tena na mtu anayemjua. Alikufa huko akimwita rafiki yake mwizi. Niliporudi Lubumbashi kufundisha, nilikwenda Katuba na ile kle mkobani. Mulenga alikuwa amezikwa zamani.

Kwa miaka mingi niliamini alininyamazia ili nisichapwe. Sasa nadhani aliona zaidi. Papa hakutafuta mwizi siku ile. Alikuwa anaondoka mahali walipozaliwa watoto wake na alipokuwa na rafiki, na kumwacha mwizi kulikuwa rahisi kuliko kumwacha rafiki. Mulenga akampa hicho alichokitaka, na mimi nikaona ni bahati yangu.

Fundi wa Kasumbalesa alijitoa chini ya boneti, akajipangusa mikono, akasema tuwashe. Maji hayakuvuja tena. Mkwe wangu alifurahi kwamba ilikuwa nati moja tu, na kwamba haikuchukua hata dakika tano.