Simu za Krismasi

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema, kwa sababu ofisini tulipokuwa tunatafuta mchawi wa kosa hilo ni mimi niliyepiga kelele kuliko wote.

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja mjini Moshi, tukitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wafugaji: ukiona dalili usiyoielewa kwa ng'ombe wako, unaitafuta humo na kusoma la kufanya. Kazi yangu ilikuwa lugha. Kila ukurasa ulikuwa na Kiswahili chake na Kiingereza chake. Mwenzangu mmoja, dada mpole aliyejua kompyuta kuliko sisi, alitaka mtu akifungua tu aulizwe anasoma lugha gani. Nikamkatalia. Nilimwambia simu ya mtu inajua lugha ya mwenyewe. Programu ifuate lugha ya simu, tusiwasumbue wazee wa watu kwa maswali mlangoni. Nilibishana mpaka akanyamaza. Nina domo, nakiri.

Na mimi ni mtoto wa Marangu, nilipaswa kujua simu za kule zinatoka wapi. Desemba tunapanda wote nyumbani, kutoka Dar, Arusha, Mwanza, kila mtu na zawadi ya mama yake, na siku hizi zawadi ni simu. Mtoto ameshaipanga huko huko mjini kwa Kiingereza alichozoea yeye. Mama anaonyeshwa kupiga, kupokea na kutazama picha za wajukuu. Kingine hagusi, asije akaiharibu.

Jumamosi moja nilikwenda kumwona ndama wa mama aliyezaliwa jana yake. Nilimkuta mama amechuchumaa bandani, mkono juu ya ng'ombe. Ng'ombe amelala, shingo ameikunjia ubavuni, masikio ya baridi. Maziwa ya nyumba ile ni huyo, na samadi ya kihamba kizima, shamba letu la migomba na kahawa, ni huyo huyo. Nilishikwa na hofu, maana dalili zile niliziandika mwenyewe, na chini yake nikaweka: mwite daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje kesho.

Nikampigia daktari. Alifika kwa pikipiki, akamwekea ng'ombe dripu ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo. Mama alikuwa anaomba kwa Kichagga, midomo tu ikicheza. Tulisubiri sana. Hatimaye ng'ombe akatetemeka, akajikusanya, akasimama. Nikakaa chini pale pale kwenye majani.

Daktari alipoondoka nikamgeukia mama kwa ukali ambao hakustahili. "Afisa mifugo si aliwawekea programu kinamama wote pale nje ya kanisa? Kwa nini hukuifungua?"

"Niliifungua asubuhi. Ni Kiingereza."

"Ukashindwa hata kunipigia?"

Alikuwa anajifuta mikono kwa kanga, hakuniangalia. "Nilijua umewaandikia wasomi, baba. Mimi hukuniandikia. Sasa nikupigie nikuaibishe kwamba mama yako hajui kusoma Kiingereza?"

Mama anasoma Kiswahili kila siku ya Mungu, Biblia yake imechakaa kwa kufunuliwa. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma mpaka leo.

Nikachukua simu yake nikabadilisha lugha. Haikuchukua hata dakika mbili. Akavaa miwani, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, bila haraka, hata sehemu ambazo hazikuwa na kazi tena. Kisha akanitazama. "Na wenzangu je? Simu zao zote ni za Krismasi. Nenda."

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja, rafiki wa mama wa tangu kwaya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa simu. Nikaipanga, nikamfungulia ukurasa ule ule wa ng'ombe aliyelala baada ya kuzaa, huku najiona mtu mwema. Akaanza kusoma. Katikati akaacha.

"Ndivyo alivyolala wangu," akasema. "Simu ilikuwa mkononi, hii hii. Nikatazama picha za wajukuu."

Nyuma yake bandani palikuwa na ndama peke yake.

Nikatoka hadi mpakani mwa kihamba chake, nikakata jani la isale, mmea tunaopandia mipaka, nikarudi kumpa kwa mikono miwili. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, na aliyepelekewa hakatai, hata kama moyo haujapoa. Ndiyo maana niliona aibu kumpa, kwa sababu nilikuwa nambana mjane wa watu anisamehe. Akalipokea, akaliweka mapajani.

"Kaa," akasema. "Nionyeshe panaposema habari za ndama aliyefiwa na mama."

Nikatafuta kwa Kiswahili, nikatafuta na kwa Kiingereza. Hatukuwa tumeandika. Nikamwambia hivyo, kisha nikamwuliza yeye anamlisha nini yule wake, mara ngapi kwa siku. Akasogeza kigoda karibu, akaanza kunieleza, nami nikaandika.