Tochi ya Kuzungusha

Mvua ilianza pale wanawake watatu walipokuwa wakiagana karibu na daraja la mbao, na mpaka sasa ilikuwa haijanyamaza. Mama Wasiwasi alikuwa amekalia ndoo aliyoipindua chini ya dirisha, shuka mabegani, macho ng'ambo ya mfereji. Mkononi alishika tochi yake ndogo. Alikuwa ameiwasha mara mbili, akazima, akangoja. Kutoka kule juu karibu na tangi la maji, Kipaza alijibu papo hapo, tena mara tatu, ingawa walikubaliana mbili. Kipaza hata kwa mwanga alikuwa mropokaji. Lakini ng'ambo, kwa Chuma, hapakujibu mtu.

Akamulika tena. Giza. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na mtaa mzima wa ng'ambo ulikuwa kama umefunikwa sufuria.

"Mama, lala," binti yake alisema kutoka kitandani. "Ukimkodolea macho ndiyo atawasha?"

"Wewe lala. Mimi napunga upepo."

"Kwa mvua hii?"

Akavuta shuka mabegani. Huwezi kumweleza mtoto wa kumzaa kwamba hulali kwa sababu ya mwanga usioonekana.

Watatu hao walikuwa wafuaji wa nguo katika hospitali kubwa. Asubuhi walipokea mashuka ya wagonjwa, wakayachambua, wakayatia kwenye mashine, wakayaanika, na jioni wakarudi pamoja kwa miguu. Majina yao ya kuzaliwa yalikuwa yamesahaulika kule kazini. Kipaza aliitwa hivyo kwa sauti yake, ambayo ilishinda mngurumo wa mashine. Mama Wasiwasi alipewa lake wiki ya kwanza, alipouliza kama mlango wa mashine unaweza kufunguka wenyewe na maji kuwazamisha wote. Na Chuma aliitwa Chuma kwa ajili ya mikono yake. Mashine ya kukamua ilipogoma, wengine walishikana wawili wawili kukamua blanketi moja. Yeye alikamua peke yake mpaka likatoa sauti kama linalia. Ndiye aliyemfundisha Mama Wasiwasi hila ya gongo: unapitisha gongo kwenye kitanzi cha blanketi, unalizungusha kama usukani, na nguvu ya mkono mmoja inakuwa ya mikono mitatu.

"Gongo ni la nyie wenye mikono ya pamba," alimwambia siku ile, akicheka. "Lakini shika, litakufaa."

Kabla ya tochi hizi, waliitana kwa sauti wakifika nyumbani, mpaka majirani wakachoka na Kipaza. Kisha msimu mmoja Kipaza, akimsindikiza Chuma, akakosea ubao wa daraja gizani, akatumbukia mferejini hadi kiunoni, akatoka na kiatu kimoja. Walicheka siku nzima. Mama Wasiwasi alicheka nao, lakini alipofika kwake hakula. Alikaa akiwaza: maji yalikuwa ya kiunoni tu siku ile. Siku nyingine je? Ndipo akajinyima, akaenda kuwatafutia rafiki zake zawadi.

Alienda kwenye duka la vifaa la mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakutaka tochi kubwa. Tochi kubwa mtu huiacha nyumbani, na tochi iliyo nyumbani haimmuliki aliye njiani. Alitaka ndogo, ya kukaa kwenye mkoba kila siku kama funguo, mtu asahau hata kama anayo mpaka aihitaji. Mzee akampangia juu ya kaunta. Mama Wasiwasi akatoa mfukoni kipande cha sabuni, akaomba maji kidogo, akalowanisha mikono.

"Mama," mzee akashangaa, "unanunua tochi au unaifua?"

"Sisi mikono yetu haikauki, baba. Tochi isiyoshikika na sabuni si yetu."

Akazijaribu moja moja kwa mikono yenye povu. Moja ikamponyoka kama kambare, akairudisha. Nyingine aliiangusha sakafuni kwa makusudi, mzee akafumba macho. Zikabaki mbili: moja ya kubonyeza kitufe, nyingine ya kuzungusha kichwa. Akazitia zote mbili kwenye mkoba wake pamoja na kitana na kopo la mafuta, akautikisa mkoba kama anayepepeta. Alipoufungua, ile ya kitufe ilikuwa inawaka.

"Umeona?" akasema. "Hii itajiwasha mkobani mchana, usiku utakuta betri zimekwisha. Mtu atakuwa katikati ya mbao, anabonyeza, hakuna kitu. Nipe za kuzungusha. Tatu."

"Hizo kichwa chake ni kigumu kidogo," mzee alisema. "Wazee wengi wananichukulia za kitufe."

"Nani kakwambia rafiki zangu ni wazee?"

"Samahani, mama. Nasema tu, mkono dhaifu hauiwezi."

"Mkono dhaifu!" Mama Wasiwasi akacheka kwa raha. "Wewe hujamwona Chuma."

Aliwapa zawadi hizo kazini, wakati wa kupumzika, zimefungwa kwa vitambaa. Kipaza akaiwasha ya kwake, akamulika hadi ndani ya kinywa cha msimamizi aliyekuwa anapiga miayo. Chuma aliigeuzageuza ya kwake, akaitazama sana, akaitia mkobani bila kuiwasha.

"Hujaipenda?" Mama Wasiwasi aliuliza.

"Nimeipenda. Zawadi haijaribiwi mbele ya mtoaji."

"Na kila mmoja akifika kwake amulike dirishani mara mbili. Nisipoona, silali."

"Jamani," Kipaza akapaza, "watu husema tenda wema uende zako. Huyu anatenda wema, halafu anakaa dirishani anauchungulia!"

Hata msimamizi alicheka.

Sasa, juu ya ndoo, Mama Wasiwasi hakuwa na kicheko. Simu ya Chuma ilikuwa imezima kwa kukosa umeme. Akampigia Kipaza.

"Hajamulika," alisema.

"Amelala huyo. Amelowa, amechoka, amelala."

"Alipovuka, wewe ulimwona?"

Kipaza alinyamaza, na Kipaza kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha kuliko giza. Kila siku walisimama wakamtazama Chuma akivuka, maana ni yeye peke yake aliyeishi ng'ambo. Leo mvua iliwashukia kwa ghafla, wakatimua mbio. "Mbona hujawasha?" Mama Wasiwasi alikuwa amemwuliza, na Chuma akajibu, "Nitawasha nikifika kwenye mbao. Kimbieni, mtalowa." Wakakimbia.

"Nitakwenda," Mama Wasiwasi alisema.

"Utakwenda wapi? Maji yamepita juu ya mbao, nayasikia mpaka huku. Ukianguka wewe, nani atakutafuta? Mimi? Mimi mferejini nilishakwenda, sirudi."

Ilikuwa kweli. Mfereji ulikuwa unanguruma kama mashine iliyojaa kupita kiasi. Akakata simu, akabaki na yale masikio yake na yale macho yake. Akaanza kufanya kile alichokijua kuliko kufua: kukumbuka.

Alikumbuka mkoba wa Chuma chini ya benchi, mchana kweupe, ukiwa na wekundu hafifu kwa ndani, kama kaa lililofunikwa majivu. Alikuwa ameinama, akaona tochi imefungwa kitambaa na inawaka. "Wewe, unakaanga mkoba?" alimwambia, na Chuma akaunyakua, akasema amesahau. Lakini alisahau tena wiki iliyofuata. Na betri! Betri za Kipaza zilikuwa zile zile za tangu mwanzo. Chuma alikuwa ananunua mpya kila mara. "Tochi yangu inakula kama mbuzi wa harusi," alisema, wakacheka.

Alikumbuka ile mimuliko miwili ya kutoka ng'ambo. Ya Kipaza ilikuwa ya kukata, ya Chuma ilififia na kurudi polepole, kama mtu anayeufunika mwanga kwa kiganja na kuufunua. Wala haikuwa kama. Ndivyo alivyokuwa anafanya. Tochi ilikuwa inawaka muda wote.

Mama Wasiwasi alisimama, shuka likaanguka.

Kwa nini mtu aiwashe tochi asubuhi nyumbani, aifunge kitambaa, aitembeze mkobani kutwa nzima ikiwaka? Kwa sababu jioni hataweza kuiwasha. Na asubuhi nani alimwashia? Binti yake Chuma, aliyeishi naye. Na binti huyo alikuwa amesafiri jana usiku kwenda kwa mumewe.

Mengine yakaja yenyewe, moja nyuma ya jingine, kama mashuka yanayotolewa kwenye mashine yamefungamana. Chuma siku hizi alikuwa wa kwanza kujitolea kukunja, na wa mwisho kukamua. Chuma alikunywa chai kwa kushika kikombe kwa viganja viwili, akisema baridi. Chuma alimwomba Kipaza amfungie vifungo, akisema haoni vizuri. Na mwaka uliopita msimamizi alimrudisha nyumbani moja kwa moja mama mmoja ambaye vidole vilimgomea. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Mama Wasiwasi alikuwa na macho, alikuwa ametazama, na alikuwa ametoka dukani na tochi ambayo mkono dhaifu hauiwezi, akicheka.

Hakulala. Mvua ilipokata, alibaki akisikiliza mfereji ukipungua sauti. Kiza kilipoanza kuwa kijivu, alivaa viatu vya kazini, akachukua tochi, akatoka.

Mbao zilikuwa zimeonekana tena, zimepakwa tope laini. Alivuka kwa upande kama kaa, akimulika kila ubao, akimulika chini. Katikati ya daraja akaona kitu cheusi kimenasa kwenye nguzo, kinapungapunga majini kama mkono wa nguo. Akapiga magoti, akanyoosha mkono, akakivuta. Ulikuwa mfuko wa plastiki. Akaukumbatia ule mfuko mchafu kifuani kana kwamba umemwokoa mtu, kisha akautupa.

Mlango wa Chuma ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na nyayo mlangoni. Mvua ilikuwa imezifagia, kama zilikuwapo.

"Hodi."

Akatikisa kitasa.

"Hodi! Chuma! Ni mimi."

Aligonga kwa ngumi, kisha kwa tako la tochi. Akaweka sikio kwenye mbao za mlango. Akasikia kitu kikiburutwa, na pumzi.

"Mama Wasiwasi," sauti ikasema kwa ndani, nzito ya usingizi au ya machozi, "hata jogoo bado."

Mama Wasiwasi akaegemea mlango kwa paji la uso.

"Uko mzima?"

"Mzima. Nilivuka kwa kutambaa. Nimefika. Haya, nenda kajiandae kazini."

"Fungua nikuone."

"Umenisikia, inatosha."

"Siondoki. Fungua."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Mahali fulani maji ya bati yalikuwa yanadondoka kwenye debe.

"Siwezi," Chuma alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Jana nilifunga kwa viganja viwili. Leo vidole havikunjiki. Hata kiberiti sikuweza kuwasha nikumulikie mshumaa. Nimejaribu huu ufunguo tangu ulipogonga mara ya kwanza."

"Tochi nayo huiwezi."

"Tochi nayo."

"Tangu siku ile niliyokupa."

"Ulikuwa umefurahi sana," Chuma alisema. "Ulivyoileta, umeifunga kitambaa. Ningekuambiaje?" Kisha haraka, "Usimwambie mtu. Msimamizi akijua, kazi sina."

"Nimwambie nani?"

"Kipaza."

"Nikimwambia Kipaza si nitakuwa nimetangaza redioni?"

Ndani ya nyumba kikatoka kicheko kifupi, kikakatika. Mama Wasiwasi alifuta pua kwa kiwiko. Dirisha lilikuwa na nondo, mlango ulikuwa wa mbao nene, na ufunguo ulikuwa upande ule, kwenye mikono ile. Akaufikiria ufunguo wenyewe, aliouona mara nyingi ukining'inia kwenye msumari: wa kizamani, mrefu, kichwa chake duara kama pete.

"Una mwiko?"

"Mwiko? Umekuja unataka kupikiwa?"

"Lete mwiko. Upitishe mpini kwenye pete ya ufunguo. Usishike kwa vidole, shika kwa viganja, sukuma hata kwa kifua."

Akasikia mwenzake akielewa. Alisikia kabisa, kwa jinsi pumzi ilivyobadilika.

"Gongo," Chuma alisema.

"Gongo. Kama blanketi mashine ikigoma."

"Nani kakufundisha wewe?"

"Mtu mmoja mwenye majivuno."

Nyayo zikaenda, zikarudi. Mpini ukagusa ufunguo. Ukateleza, ukaanguka sakafuni, na Chuma akatoa tusi ambalo Mama Wasiwasi hakuwahi kulisikia kwake. Ukaokotwa, ilichukua muda mrefu kuokotwa. Mpini ukagusa tena. Mama Wasiwasi alikuwa ameshika kitasa upande wake kwa mikono yote miwili, hakukisukuma wala hakukivuta, alikishika tu, kama mtu anavyoshika ncha ya pili ya shuka.

"Taratibu," alisema. "Usukani."

"Nyamaza, najua."

Kufuli ikalia mara moja, ikakataa. Ikalia mara ya pili. Mlango ukalegea, ukafunguka upana wa kiganja, kisha wote. Chuma alikuwa amesimama pale na nguo zile zile za jana zenye tope magotini, mwiko kwapani, na mikono yake iliyovimba ameiweka mbele, hadharani, hakuificha.